Fimbo Nyeupe: Askari wa Zamu Aitambue

Chukueni mfano wa kizuizi cha barabarani wakati wa jioni, mahali popote katika viunga vya Kampala. Askari anainua mkono kumwamuru mtu mmoja aliye mbali kidogo asimame. Mtu huyo hasimami. Anaendelea kuja vile vile kwa mwendo wa kawaida. Hana taa wala tochi, ingawa giza limekwisha kuingia, na mkononi ameshika kitu kirefu chembamba anachokipeleka huku na huku mbele ya miguu yake. Askari anapaza sauti. Yule mtu anasimama, lakini uso wake anauelekeza pembeni, si kwa yule aliyemwita. Kisha anakikunja kile kitu mara nne na kukitia kwapani.

Kwa askari asiyejua, kila tendo katika hayo ni la kutilia shaka. Kwa askari ajuaye, hakuna hata moja. Mkono ulioinuliwa hauwezi kuonwa na mtu asiyeona. Tochi haimfai kitu, maana usiku na mchana kwake ni mamoja. Uso ameugeuza ili sikio lake liielekee sauti. Na kile kilichokunjwa si silaha, bali ni fimbo nyeupe, chombo ambacho mtu asiyeona hukitumia kutembea peke yake bila kushikwa mkono. Tofauti iliyopo kati ya askari hao wawili ni elimu ya dakika chache tu, lakini elimu hiyo yaweza kuokoa maisha ya raia na kumwepusha askari na kosa ambalo haliwezi kufutwa. Ndiyo sababu tumeona inafaa kuizungumzia fimbo hiyo leo bila kungojea tarehe 15 Oktoba, ambayo ndiyo Siku ya Fimbo Nyeupe katika mataifa mengi.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba fimbo nyeupe si mkongojo. Mkongojo wa mzee hubeba uzito wa mwili. Fimbo nyeupe haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kugusa. Ni ndefu kuliko bakora ya kawaida: ikisimamishwa wima mbele ya mwenyewe hufika kwenye mfupa wa kidari, na wapo wapendao iwe ndefu zaidi ya hapo. Hutengenezwa kwa alumini au kwa nyuzi za kioo, yaani vitu vyepesi visivyochosha mkono. Zile za kukunja huwa na vipande vinne au vitano vilivyoshikamanishwa na kamba ya mpira ipitayo ndani, hata mtu akiziachia hujinyoosha zenyewe kwa kishindo kidogo. Kishindo hicho nacho kimewahi kuwashtua watu wasiokizoea. Juu kuna mshiko wa mpira, na chini kuna ncha ya plastiki ngumu ambayo huchakaa kama soli ya kiatu na kubadilishwa. Fimbo ikiwa nyeupe tupu, au nyeupe yenye kipande kimoja chekundu karibu na ncha, mwenyewe haoni. Ikiwa na mistari myekundu na myeupe inayopokezana, katika nchi nyingi maana yake ni kwamba mwenyewe haoni na pia hasikii, au husikia kwa shida sana. Alama hiyo ya pili askari asiisahau hata kidogo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hatasimama hata ukipaza sauti.

Namna ya kuitumia ni ufundi unaofundishwa, na mafunzo yake kamili huchukua majuma kadhaa au miezi. Mkono huwekwa katikati ya mwili, mbele ya kiuno, na fimbo huelekezwa mbele na chini. Kinachofanya kazi ni kifundo cha mkono; mkono wenyewe hautembei. Ncha hupelekwa kushoto na kulia kwa upana unaozidi kidogo upana wa mabega. Mguu wa kulia uendapo mbele, ncha hugusa ardhi upande wa kushoto. Mguu wa kushoto uendapo, ncha hugusa kulia. Kwa njia hiyo, mahali ambapo mguu utakanyaga katika hatua ifuatayo pamekwisha kukaguliwa. Askari aliyefundishwa kupita penye mabomu yaliyotegwa ardhini ataielewa hekima hiyo mara moja: hakuna kukanyaga mahali ambapo hapajaguswa.

Lakini fimbo haigusi tu, bali husema pia. Ncha ikigonga saruji hutoa sauti moja, ikigonga lami hutoa nyingine, na ikigonga kifuniko cha chuma cha mtaro hutoa mlio wa uwazi ambao hausahauliki. Sauti ile ikirudi kutoka ukutani, mwenye sikio lililozoea hujua kwamba kuna ukuta, na ikiacha kurudi hujua kwamba amefika kwenye uchochoro au mlango ulio wazi. Popo huruka usiku kwa njia inayofanana na hiyo: hutoa sauti nyembamba mno na kusikiliza mwangwi wake. Wapo watu wasioona ambao hupiga ulimi kinywani na kupima kwa sikio umbali wa nyumba au wa gari lililosimama. Raia apitaye karibu hudhani kwamba mtu huyo anazungumza peke yake, kumbe yuko kazini.

Sasa tuje kwenye asili ya chombo hiki, kwa sababu askari wa jeshi na wa polisi wana sehemu yao katika historia hiyo kuliko wengi wanavyofikiri. Watu wasioona wamekuwa wakitembea na fimbo tangu zama za kale, lakini rangi nyeupe ni jambo la karne ya 20. Mwaka 1921 mtu mmoja wa Bristol, Uingereza, aitwaye James Biggs, ambaye alipoteza macho yake katika ajali, aliona kwamba magari yaliyozidi kuongezeka mjini yalikuwa yakimtisha, akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva waione. Mjini Paris, miaka tisa baadaye, mwanamke aliyeitwa Guilly d'Herbemont aliyaona mashaka yale yale ya wasioona wakivuka barabara. Alivutiwa na virungu vyeupe walivyokuwa wakivitumia askari polisi wa Paris kuongozea magari, akasema kwamba kama dereva husimama mbele ya kirungu cheupe cha polisi, basi atasimama pia mbele ya fimbo nyeupe ya asiyeona. Mwezi wa Februari 1931 fimbo za kwanza zilikabidhiwa rasmi, na miongoni mwa waliozipokea walikuwamo wanajeshi wa Ufaransa waliopofushwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko Marekani, mji wa Peoria katika jimbo la Illinois ulipitisha sheria ndogo mnamo Desemba 1930 ya kumpa haki ya kupita kwanza mtu aliyeshika fimbo nyeupe.

Hata hivyo fimbo za siku hizo zilikuwa fupi. Zilikuwa alama kwa dereva, wala hazikumsaidia mwenyewe kujua kilicho mbele ya miguu yake. Mabadiliko makubwa yalitoka katika hospitali ya jeshi. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani waliopoteza macho walipelekwa katika hospitali ya Valley Forge, Pennsylvania, na huko alikuwako Richard Hoover, mwalimu aliyekuwa amefundisha katika shule ya watoto wasioona kabla ya kuingia jeshini. Hoover aliona vijana wenye nguvu, waliokuwa juzi tu wakipanda milima na mizigo mgongoni, wakikaa vitandani wakingojea kushikwa mkono hata kwenda chooni. Akajifunga kitambaa machoni na kujaribu yeye mwenyewe. Hapo mwaka 1944 na 1945 ndipo yeye na wenzake walipoirefusha fimbo, wakaipunguza uzito, wakatunga ule mwendo wa kugusa kushoto na kulia tulioueleza. Tunasikia kwamba mwanzoni haukupokewa vizuri, maana wengi waliiona fimbo kuwa ni alama ya unyonge. Baada ya vita, mwaka 1948, mafunzo hayo yaliendelezwa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Hines, karibu na Chicago, na kutoka huko yakaenea duniani. Hoover mwenyewe baadaye alisomea udaktari na kuwa daktari wa macho.

Kabla ya hapo, mwaka 1915, London ilikwisha kuwa na nyumba ya St Dunstan's kwa ajili ya askari waliopofushwa na gesi na mizinga. Aliyeianzisha, Arthur Pearson, alikuwa mwenye magazeti ambaye mwenyewe alipofuka. Ujerumani nayo ilifungua shule ya mbwa waongozaji huko Oldenburg mwaka 1916, kwa askari wake. Mbwa hao wameenea Ulaya na Marekani, walakini hapa kwetu hatuoni kama watafaa upesi: kumfundisha na kumlisha mbwa mmoja ni gharama kubwa, mitaani mbwa wasio na wenyewe ni wengi, na kuna nyumba nyingi, za Waislamu na za wasio Waislamu, ambamo mbwa haingii. Fimbo haili wala haibweki.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilianza kwa mpango baada ya mwaka 1950, wakati John Wilson, Mwingereza aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka 12 katika mlipuko wa maabara ya shule, alipoanzisha chama cha kuwahudumia wasioona katika makoloni ya Uingereza. Shule ya wasioona ya Mtakatifu Francis huko Madera, Soroti, ilianza mwaka 1955. Mwaka 1970 watu wasioona wa Uganda waliunda chama chao wenyewe cha taifa, ambacho hadi leo ndicho kinachowasemea. Na katika Kyambogo, hapa Kampala, hufundishwa walimu wa elimu maalumu, ambao ndio huwafundisha watoto wasioona kusoma kwa vidole, na vilevile kutembea.

Tumekwisha kuona fimbo inavyofanya kazi penye njia nzuri. Je, Kampala ina njia nzuri? Yeyote aliyetembea kutoka Kiegesho cha Zamani cha Teksi hadi soko la Nakasero anajua jibu. Njia ya waendao kwa miguu huanza vizuri, ghafla hukatwa na shimo ambalo mfuniko wake wa chuma umeibwa na kuuzwa kama chakavu. Hatua chache mbele boda boda kumi zimeegeshwa mahali pa kupita watu. Baada ya hizo kuna nguzo, kisha bidhaa zilizotandazwa chini, kisha mtaro ulio wazi wenye kina cha kumzamisha mtu mvua ikinyesha. Mwezi wa Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za katikati ya mji, na kwa muda njia zilionekana kuwa nyeupe. Hatutaki kuingia katika ubishi wa namna jambo lile lilivyotekelezwa, kwa sababu mchuuzi naye ana watoto wa kulisha. Tunachosema ni kwamba kwa mtu mwenye fimbo bidhaa zilizopangwa kila siku mahali pamoja ni afadhali kuliko pikipiki inayobadilisha mahali kila saa. Mtu asiyeona huichora njia yake kichwani, na kila kitu kisichohama ni alama kwake.

Tena fimbo ina upungufu wake wa asili. Hukagua kuanzia ardhini hadi kiunoni tu. Tawi la mti, kioo cha pembeni cha lori, dirisha lililofunguliwa kwa nje, au mbao zilizopakiwa zikatokeza nyuma ya gari, vyote hivyo humpiga mtu usoni au kifuani na fimbo ikiwa haijagusa kitu. Kwa ajili ya hayo ndipo wataalamu walipofikiria kuitia fimbo sikio la popo. Katika miaka ya 1960 mhandisi Leslie Kay alitengeneza chombo cha mkononi kama tochi, kinachotoa sauti isiyosikika na binadamu na kuugeuza mwangwi wake kuwa sauti inayosikika. Hesabu yake si ngumu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kizuizi kilicho mbali mita 1 na nusu hurudisha mwangwi kwa muda usiotimia sehemu moja ya mia ya sekunde, na kidude kidogo cha umeme huupima muda huo na kujua umbali. Mwaka 2014 chuo cha teknolojia cha Delhi, India, kilitoa chombo cha aina hiyo kinachofungwa kwenye fimbo ya kawaida, nacho hutetemesha mshiko kwa nguvu zaidi kadiri kizuizi kinavyokaribia. Huko Uturuki imetengenezwa fimbo inayoungana na simu ya mkononi. Vijana wa vyuo vyetu nao wamekuwa wakijaribu fimbo za namna hiyo kwa vidude vinavyouzwa kwa bei nafuu, jambo la kupongezwa.

Simu yenyewe siku hizi humwambia asiyeona jina la barabara aliyopo, kwa kutumia setilaiti ambazo jeshi la Marekani lilizirusha kwa ajili ya vita na ambazo tangu Mei 2000 raia wa dunia nzima wanazitumia bila kupunguziwa usahihi. Lakini usahihi wa simu ni wa mita kadhaa, na kati ya majumba marefu hupungua zaidi. Mita tatu ndizo zinazotenganisha njia ya miguu na magurudumu ya basi. Simu humwambia mtu kwamba yuko Barabara ya Jinja. Haimwambii kwamba yuko ukingoni au katikati yake. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba fimbo ya kawaida itangulie, na umeme ufuate. Betri huisha, mvua huingia, na kidude kikiharibika Kaabong hakuna fundi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu kwa kila 100 wanaohitaji vyombo vya kuwasaidia ambao wanavipata. Mbele ya hesabu kama hiyo, fimbo 100 za alumini ni bora kuliko fimbo moja yenye akili.

Na kwa nini fimbo hizo zitoke ng'ambo? Jeshi letu lina karakana. Basi la umeme la Kayoola lilitengenezwa kwa ushirikiano na kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola, ambacho ni mali ya shirika la uchumi la jeshi. Kiwanda kinachoweza kushughulika na basi hakiwezi kushindwa na bomba la alumini, kamba ya mpira na ncha ya plastiki. Hayo ni maoni yetu tu, lakini tunayatoa kwa dhati.

Basi hilo la umeme linatukumbusha jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mtu asiyeona huvuka barabara kwa kusikiliza. Huijua boda boda kwa mngurumo wake, na huupima umbali wake. Sasa pikipiki za umeme zimeanza kuonekana Kampala, nazo ni safi, hazitoi moshi, na tunazipenda, ila hazingurumi. Kwa asiyeona pikipiki isiyosikika ni sawasawa na pikipiki iendayo usiku bila taa. Ulaya iliamuru kwamba kuanzia Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme ziwe na chombo cha kutoa sauti yaendapo pole pole, lakini amri hiyo haikuhusu pikipiki. Polisi wa usalama barabarani wanaolala na kuamka na boda boda wangekuwa wa kwanza kutoa ushauri katika jambo hili.

Japani ilipata dawa nyingine ya barabara. Mwaka 1965 Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu na mistari inayohisiwa kwa mguu na kwa fimbo, na mwaka 1967 vikatandazwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama. Mistari humwambia mtu endelea. Vinundu humwambia simama, mbele kuna barabara. Vigae hivyo vina faida pale ambapo ukingo wa njia umeshushwa ili kiti cha magurudumu kipite. Mwenye kiti hufurahi, lakini asiyeona huwa amenyang'anywa alama yake ya mwisho wa njia, naye huingia barabarani bila kujua. Mwenye kujenga barabara na awakumbuke wote wawili.

Ndugu wasikilizaji, sheria zetu haziko kimya. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 35, yasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Mwaka 2008 Uganda iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, ambao kifungu chake cha 20 chahusu hasa uwezo wa mtu kwenda atakako kwa kujitegemea, kupata vyombo na kufundishwa kuvitumia. Mwaka 2020 ilitoka Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Bungeni jeshi lina wajumbe 10 na watu wenye ulemavu wana wajumbe 5, wote wakiketi katika ukumbi mmoja. Lakini katika kizuizi cha barabarani, sheria ni yule askari aliyepo pale.

Yeye afanye nini basi? Amwonapo mtu mwenye fimbo nyeupe aseme kwanza, asinyooshe mkono kwanza. "Mzee, habari za jioni, mimi ni askari polisi, nakuomba usimame hapo." Kama ni mama, amwite mama. Aseme yeye ni nani, kwa kuwa sare haionekani, na sauti ya kuamrisha inayotoka gizani bila jina yaweza kuwa ya mnyang'anyi. Mtu akikimbia kwa kudhani ameshikwa na wezi, kosa si lake. Aseme pia kama wako wawili au watatu, ili mtu asishtuke akiguswa na mkono wa pili. Asimkamate fimbo, maana kumshika mtu fimbo yake ni sawa na kumfunga kitambaa mtu mwenye macho. Asimsukume kutoka nyuma. Ikiwa inabidi kumwongoza, ampe kiwiko chake mwenyewe akishike, atangulie nusu hatua mbele, na penye ngazi aseme "ngazi, tunapanda" au "tunashuka". Hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote, na ndilo linalokosewa zaidi: askari mwenye nia njema humshika mtu mkono na kumburuta.

Barabarani, dereva akikataa kusimama mbele ya fimbo iliyonyooshwa, askari wa usalama barabarani anajua wajibu wake. Aonapo mtu mwenye fimbo amesimama ukingoni asimvushe kabla ya kumwuliza. Huenda anangoja teksi tu. Wakati wa amri ya kutotoka nje, kama ilivyokuwa mwaka 2020, ikumbukwe kwamba asiyeona hawezi kuliona jua likitua, na kwamba huenda anayemsaidia amezuiwa njiani.

Kikosi cha zimamoto, ambacho kiko chini ya polisi, kina sababu ya pekee ya kuyazingatia haya. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022 moto uliteketeza bweni katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, na watoto 11 wakafa. Hatutazungumza juu ya chanzo. Mtoto asiyeona hawezi kuona mwanga wa mlango wala alama iliyoandikwa ukutani. Njia ya kutokea lazima aijue kwa mguu na kwa kiganja, kwa kuipita mara nyingi mchana na usiku, kabla ya siku ya hatari. Zoezi la namna hiyo halihitaji fedha. Lahitaji ofisa wa zimamoto afike shuleni, apige kengele, na ahesabu dakika.

Tusije tukadhani pia kwamba mambo haya ni ya raia peke yao. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na silaha kubwa ya adui huko imekuwa ni bomu la kutegwa njiani. Bomu la namna hiyo hutupa mchanga, mawe na vipande vya chuma usoni. Atakayeokoka na miguu yake yote miwili yawezekana asiokoke na macho yake. Miwani ya kinga huzuia mengi ya majeraha hayo, nao makamanda wanajua jinsi vijana wanavyopenda kuivua kwa sababu ya joto. Aliyekwisha kupofuka hupata matibabu, na jeshi lina kituo chake cha kuwahudumia majeruhi huko Mubende. Tungependa kila askari wa namna hiyo ashike fimbo ndefu mkononi na aanze kufundishwa angali hospitalini, kama walivyofanyiwa wale wa Valley Forge, na si baada ya kupelekwa nyumbani kijijini, ambako miezi sita ya kukaa kitini humfundisha kwamba yeye ni mzigo, na somo hilo ni gumu kulifuta. Huenda mkufunzi wake bora akawa ni raia asiyeona, ambaye amekuwa akivuka Barabara ya Entebbe kwa miaka 20 bila cheo wala posho.

Jambo la mwisho lahusu lango la kambi, la ofisi na la kituo cha polisi. Ukaguzi ni lazima, na fimbo nayo ikaguliwe, si haramu. Mlinzi amwambie mwenyewe, "Naomba niitazame fimbo yako." Aipokee, aikunjue, atazame ndani ya mshiko kama ana shaka, kwani ndani ya bomba hamna kitu ila kamba ya mpira. Asiiweke pembeni juu ya meza pamoja na visu na chupa zilizozuiwa. Airudishe mkononi mwa mwenyewe, mshiko ukiwa umeelekezwa kwake, kisha amwambie: mlango uko hatua saba mbele yako, upande wa kulia, una ngazi mbili za kupanda.